Somo la 14: Joto Linalopotea

Unapopika ugali kwenye mafiga, joto la moto huenda wapi? Sehemu ndogo huingia katika sufuria. Sehemu kubwa hupotea hewani. Kuni ulizozibeba kutoka mbali zimeungua, lakini faida uliyopata ni ndogo.

Injini ya lori nayo ni hivyo hivyo. Zaidi ya nusu ya nguvu ya dizeli hupotea kama joto, kupitia bomba la moshi na rejeta. Je, joto hilo laweza kuleta faida? Ndiyo. Sehemu yake yaweza kugeuzwa kuwa umeme.

Masharti mawili

Mwaka 1821 mtaalamu wa Ujerumani, Thomas Johann Seebeck, aliunganisha metali za aina mbili. Alipasha moto kiungo kimoja, akaacha kingine baridi. Sindano ya dira iliyokuwa karibu ikacheza. Baadaye sababu ilijulikana: umeme ulikuwa unapita.

Sharti la kwanza ni hili: upande mmoja uwe moto, na wa pili uwe baridi. Pande zote mbili zikiwa na moto sawasawa, umeme haupatikani.

Sharti la pili ni kupata kitu kinachofaa. Tia kijiko cha chuma katika uji wa moto. Baada ya muda mkono utaungua. Chuma hupitisha umeme, lakini hupitisha joto pia, na upande wa baridi hupata moto upesi. Mwiko wa mti hauunguzi mkono, lakini haupitishi umeme. Kinachotakiwa ni kitu kinachopitisha umeme na kuzuia joto. Mchanganyiko wa bismuthi na teluri una tabia hiyo.

Kuchonga na kufinyanga

Kwa kawaida mchanganyiko huo hukatwa kwa msumeno kuwa vipande vidogo vya pembe nne. Ni kama kuchonga mwiko: vibanzi vingi huanguka chini. Tena, kipande bapa hakikai vizuri juu ya bomba la mviringo.

Mfinyanzi hachongi. Huweka udongo pale tu unapohitajika, tabaka juu ya tabaka, kisha huchoma chungu. Siku hizi iko mashine inayofanya hivyo. Unga wa madini hufanywa kama uji mzito. Mashine huupanga uji huo tabaka juu ya tabaka, kisha umbo lililopatikana huchomwa katika tanuri. Mwaka 2018 wataalamu wa mji wa Ulsan, Korea ya Kusini, walieleza jinsi walivyotengeneza kwa njia hiyo vipande vya nusu pete. Vipande hivyo hulikumbatia bomba la moto vizuri.

Tuwe macho

Kazi hii bado ina matatizo. Teluri ni adimu. Kazi iliyochomwa huweza kubaki na vitundu vidogo, navyo huzuia umeme. Vifaa vingi vya namna hii hugeuza chini ya sehemu 10 za joto katika kila 100 kuwa umeme.

Kwa hiyo usimwamini muuzaji akisema kwamba jiko lake litawasha taa za nyumba nzima. Majiko yenye kifaa hiki yamewahi kuuzwa Kenya na Uganda. Umeme wake huendesha feni ndogo ya kupuliza moto, na huweza kuchaji simu. Moto ukipulizwa vizuri, kuni huungua sawasawa na moshi hupungua. Faida ya kulinda macho na mapafu ya wapishi na watoto ni kubwa kuliko ile ya simu.

Kabla ya kutoa fedha yako, uliza: Upande wa baridi unapozwa na nini? Feni ikiharibika, nani ataitengeneza?

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini upande mmoja wa kifaa lazima uwe baridi?
2. Kijiko cha chuma na mwiko wa mti vinatufundisha nini?
3. Kufinyanga kunaokoa nini kuliko kuchonga?
4. Taja mahali pawili kijijini kwenu ambapo joto hupotea.