Kujumlisha na Kutoa Matriksi kwa Daftari la Dukani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika Kakola, mji uliokua kando ya mgodi wa Bulyanhulu mkoani Shinyanga, zipo kaya zinazochukua bidhaa dukani kwa mkopo na kulipa siku ya mshahara. Siku hiyo ndipo madaftari mawili, la mnunuzi na la muuzaji, hukutana. Katika somo hili tunajifunza kuyalinganisha.

Matriksi ni namba zilizopangwa kwa safu mlalo na safu wima, kila namba ikiwa na mahali pake. Tuchukue mfano wa mke na mume wanaonunua duka moja. Kila mmoja ameandika kilo alizochukua. Safu wima ya kwanza ni wiki ya kwanza, na ya pili ni wiki ya pili.

A, daftari la mke:
Unga      6   4
Mchele    3   5
Sukari    1   2

B, daftari la mume:
Unga      2   4
Mchele    1   0
Sukari    1   1

Ili kujumlisha, tunachukua namba zilizo mahali pamoja: unga wa wiki ya kwanza ni 6 + 2 = 8. Tukiendelea hivyo tunapata deni la kaya:

C = A + B:
Unga      8   8
Mchele    4   5
Sukari    2   3

Hesabu hii yahitaji masharti mawili. Matriksi ziwe na idadi sawa ya safu, zilizopangwa kwa utaratibu mmoja. Pili, vipimo viwe vya aina moja: kilo hazijumlishwi na visado. Kwa sababu hiyo, mnunuzi apimiwe kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Sasa muuzaji aleta daftari lake:

D:
Unga      8   6
Mchele    4   7
Sukari    2   3

Jumla ya kilo zote katika C ni 30. Katika D pia ni 30. Anayetazama jumla peke yake ataridhika na kulipa. Sisi tutoe kwanza:

D − C:
Unga      0   −2
Mchele    0    2
Sukari    0    0

Madaftari yakiafikiana, kila mahali husomeka sifuri. Hapa, katika wiki ya pili, kilo 2 za unga zimeandikwa kuwa mchele. Tukichukulia kilo ya unga ni shilingi 1,500 na ya mchele 2,800, kaya ingelipa shilingi 2,600 zaidi ya deni lake. Izingatiwe kwamba katika kujumlisha, A + B ni sawa na B + A. Lakini katika kutoa, C − D hugeuza alama zote.

Namba isiyo sifuri haithibitishi hila. Yawezekana aliyekosea ni mnunuzi mwenyewe. Inaonyesha tu bidhaa na wiki ya kuulizia. Basi tunawashauri watumiaji waandike siku ileile ya kununua, wadai risiti, na walinganishe madaftari kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu naye hulindwa na hesabu hiyohiyo.