Darsa ya 14 Ramadhani: Nyama ya Kabaka

Bismillah. 

Juzi baada ya Taraweh kijana mmoja alinisubiri pale penye viatu. Anafanya kazi ya kupima dagaa Mwaloni, zaidi ya hapo sisemi. Akaniuliza: "Ustadhi, tajiri anataka nipime kwa mzani uliochezewa. Nikikataa, kuna vijana kumi wanaitaka nafasi yangu. Sasa na hii swaumu yangu, ikoje?" Nilimpa jibu la haraka, jibu la vitabuni. Akasema "sawa Ustadhi", akavaa kandambili zake akaenda. Nilipofika nyumbani nikaona sikumsaidia kitu. Kwa hiyo darsa ya leo ni yake, ila tusome wote.

Twende ng'ambo ya ziwa letu hili, Buganda. Uislamu ulifika kwa Kabaka Suna mwaka 1844 kupitia mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim, aliyetokea pwani kwa njia ya Tabora na Karagwe. Inasimuliwa kwamba alipoona watu wanauawa kwa amri ya mfalme, alisimama mbele ya wote akamwambia Suna kuwa hao unaowaua wana Muumba wao, na wewe pia unaye. Mgeni, hana jeshi, bidhaa zake ziko mikononi mwa huyo huyo anayemkosoa! Suna hakumuua. Alitaka kujua habari za huyo Muumba.

Mwanawe, Mutesa wa Kwanza, alikwenda mbali zaidi. Kuanzia 1867 alifunga Ramadhani kwa takriban miaka 10, akajenga msikiti, akaamuru watu wajifunze dini. Vijana wa jumba lake wakasoma Qur'ani na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Tatizo ni kwamba mwenyewe hakutahiriwa, maana mila ya Buganda haikuruhusu damu ya Kabaka imwagike. Walipokuja Waislamu kutoka upande wa Misri na Sudani wakawaambia vijana kuwa mambo hayako sawa, wale vijana walilishika neno hilo. Wakakataa kuswali nyuma ya Kabaka. Wakakataa pia kula nyama iliyochinjwa na watu wake wasiotahiriwa.

Hebu fikiria. Sahani ya nyama imewekwa mbele yako na mfalme, naye ndiye aliyekuleta kwenye dini. Unaisogeza pembeni.

Mwaka 1876 Mutesa akatoa amri. Vijana wapatao 70 wakachomwa moto Namugongo, nje kidogo ya Kampala ya leo, na wengine wakauawa kwingineko. Miaka 10 baadaye, 1886, mwanawe Mwanga akawachoma vijana Wakristo mahali hapo hapo. Hao wa pili ndio tunaowajua, maana kila 3 Juni majirani zetu wanapanda mabasi kwenda kuwakumbuka. Wa kwetu hatuwataji hata madrasa, na mimi mwalimu ni wa kwanza kulaumiwa.

Najua msomaji mmoja atasema: lakini Ustadhi, wanavyuoni wengi wanaruhusu nyama iliyochinjwa na Muislamu asiyetahiriwa. Ni kweli, na katika fiqhi kuna nafasi hapo. Lakini vijana wale walikuwa na elimu waliyofundishwa, na wakaifanyia kazi hiyo hiyo waliyonayo. Mimi na wewe tunajua mengi kuliko wao, na kupunja mzani hakuna mwanachuoni hata mmoja anayekuruhusu.

Na dini haikumfunga mtu koo. Ammar bin Yasir aliteswa Makka baada ya wazazi wake kuuawa, mpaka ulimi wake ukasema wanachotaka. Alikuja kwa Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, huku analia. Akaulizwa moyo wake ukoje. Akasema umetulia juu ya imani. Soma An-Nahl, aya ya 106. Ila tusijifiche nyuma ya Ammar: yeye alikuwa kwenye mateso, sisi mara nyingi tuko kwenye hasara tu.

Walimu wa Kiswahili mlioko humu mnakumbuka *Sauti ya Dhiki*. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, kijana wa miaka 22, alifungwa miaka mitatu mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi yake iliyouliza Kenya inakwenda wapi. Gerezani hakuruhusiwa kuandika, akaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Moja linaitwa "Siwati", yaani siachi. Kitabu kilitoka 1973, nacho nilikisoma chuo cha ualimu nikidhani ni habari ya siasa tu. Leo nikikisoma naona mtu aliyepewa miaka mitatu ya kujifikiria upya, akajifikiria, akabaki pale pale.

Sasa kijana wangu wa Mwaloni. Sikuambii uache kazi kesho asubuhi, una mama anakutegemea. Nakuambia uanze kwa tajiri mwenyewe, kwa adabu, faraghani. Mwambie: "Bosi, mimi nitapima, ila mzani huu urekebishwe kwanza." Huenda naye anangoja mtu wa kumwambia. Akikufukuza, njoo nyumbani hata usiku, usikae na jambo hilo peke yako.

Na ninyi wenye vizimba na maduka mnaosoma hapa: kama kuna anayehitaji mpimaji atakayemwambia ukweli, anione mimi binafsi. Tusimwache kijana achague kati ya mzani na futari ya mama yake huku sisi tunamsifu kwa subira.

Leo baada ya Alasiri tutasoma Al-Mutaffifin, aya sita za mwanzo, in shaa Allah. Njooni na misahafu yenu.