Miguu Isiyosikia Moto

Mgonjwa wa saratani arejeaye Mbulu au Hanang baada ya kutibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi, huenda akafika nyumbani na taabu ambayo jamaa zake hawaioni: vidole vimekufa ganzi, nyayo zinawaka moto usiku, naye huhisi kama anachomwa sindano hata usingizi ukamtoroka. Taabu hii si uchawi, wala peke yake si dalili kwamba maradhi yamerudi, bali ni athari ya baadhi ya dawa za saratani, mathalan paklitakseli, sisplatini na vinkristini, ambazo hudhuru mishipa ya fahamu, na aghalabu huanza na ile mirefu ifikayo vidoleni. Kwa sisplatini yaweza hata kuzidi kwa miezi kadhaa baada ya dawa kwisha, ndipo ianze kupungua polepole, ingawa kwa wengine hubaki. Mgonjwa asiifiche wala asikatishe matibabu kwa hofu, bali amweleze tabibu kabla ya dripu ifuatayo, maana kipimo cha dawa chaweza kubadilishwa.

Katika tiba zisizo za dawa, naweka mbele mazoezi, kwa kuwa hayana gharama na utafiti umeonyesha faida yake. Atembee kila siku kwa kadiri ya nguvu zake. Asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika mwimo wa mlango. Ainuke kigodani mara kadhaa bila kujisukuma kwa mikono. Na vidole avizoeze kwa kuchambua maharage au kufunga vifungo, ili mwili ujifunze upya kujimudu. Kukandwa taratibu kwa mafuta huwafariji wengi. Sindano za tiba ya Kichina zimewapunguzia baadhi ya watu maumivu, lakini ziwe safi, na tabibu aulizwe kwanza, kwani damu ya mgonjwa yaweza kuwa haina kinga ya kutosha. Ama kuchanjwa chale au kuchomwa miguu kwa chuma cha moto ili ganzi itoke, hilo nalikataza kabisa.

Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni moto wetu wenyewe. Katika baridi ya Juni na Julai, nani katika nyanda hizi asiyenyoosha miguu kwenye mafiga? Mguu uliokufa ganzi huungua pasipo mwenyewe kushtuka, na kidonda hugunduliwa siku ya pili kwa harufu. Basi miguu ipashwe joto kwa soksi na blanketi, na maji ya kuoga yajaribiwe na mtu mwingine kwa kiwiko. Katambuga huacha vidole wazi kwa miiba ya migunga. Viatu vya kufunika, visivyobana, ni bora, navyo vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kila jioni mmoja wa nyumbani ashike taa atazame nyayo na katikati ya vidole, na njia ya chooni iondolewe mawe, maana mtu asiyesikia ardhi huanguka upesi.

Iwapo miguu italegea ghafla, au haja ndogo ikazuilika au kutoka bila hiari, hiyo si ganzi ya kawaida: mgonjwa apelekwe hospitali, Haydom au iliyo karibu zaidi, siku hiyo hiyo.