Chi, Ki na "Chumba Kizito": Jifunze Kuisoma Hewa ya Nyumba Yako

Somo letu la afya leo linahusu neno ambalo wengi mmelisikia kwa majirani Wachina: chi.

CHI NI NINI?

Wachina husema chi, Wajapani ki, Wakorea gi. Neno hili hubeba maana ya pumzi, mvuke na nguvu ya uhai kwa pamoja. Herufi yake ya Kichina cha zamani huandikwa kwa alama ya mvuke na alama ya mchele. Tabibu wa Kichina huamini kuwa chi hupita mwilini kwa njia zake. Ikizibwa au ikipungua mtu huugua, ndipo humchoma sindano nyembamba kuifungua. Sayansi haijaweza kuipima nguvu hiyo. Hata hivyo, mazoezi ya polepole ya tai chi, yanayofungamana na fikra hii, yameonekana kuwapunguzia wazee hatari ya kuanguka.

KUSOMA HEWA

Wajapani huita hewa kuuki, na neno hilo pia ni hali iliyopo baina ya watu. Ukiingia mahali ukatambua mara moja kuwa watu wamenuniana, wao husema umesoma hewa. Sisi nasi husema, "Chumba hiki kizito." Mwingine hutaja hasadi, mwingine majini, kisha tunakimbilia chetezo.

HATARI IKO HAPA

Vyumba vyetu hapa Dubai hufungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi, na mara nyingi tunalala wengi. Viyoyozi vingi vya ukutani hupoza hewa ile ile tu, haviingizi mpya. Mkaa wa udi ukiwaka humo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Udi ukinukia vizuri, utadhani hewa ni safi! Katika nchi hii watu wamewahi kufa usingizini kwa mkaa uliowashwa chumbani wakati wa baridi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Mkiumwa nyote pamoja, na mkitoka nje mkapata nafuu, shukuni gesi kwanza. Msingoje kutafuta mtu wa kuwaagua.

FANYA HIVI

1. Tokeni nje nyote mara moja, kisha piga 998 kuita gari la wagonjwa. Usirudi ndani kuchukua vitu.

2. Usiwashe mkaa katika chumba kilichofungwa. Ukipenda udi, tumia chetezo cha umeme.

3. Usilale na mkaa chumbani, hata ukiona umefifia.

4. Fungua dirisha kila siku, hasa alfajiri kabla ya joto kupanda.

5. Ukitaka tiba ya sindano, uliza leseni ya Mamlaka ya Afya ya Dubai, na uone sindano mpya zikifunguliwa mbele yako. Usiache dawa ulizopewa hospitali.

Ndugu msomaji, ukihisi chumba kizito usijipuuze, huenda mwili umetambua jambo. Anza na dirisha. Hewa ikiwa safi na uzito bado upo, tazama wenzako: pengine kuna deni, kuna kununiana, au kuna aliyepata habari mbaya kutoka nyumbani. Hilo dawa yake ni kukaa chini mkazungumza.