Kuondoa Programu kwa Amri: Somo la Utegemezi

Tuchukulie kwamba kompyuta ya shule moja huko Nyamiaga, wilayani Ngara, inatumia mfumo wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, na diski yake imejaa. Mwanafunzi ataka kuondoa programu. Afanyeje?

Programu hufungwa katika vifurushi, na vifurushi hutegemeana kama ukuta unavyoutegemea msingi. Ukiondoa libreoffice-core, basi libreoffice-writer, ambayo ni ya kuandikia, nayo itaondoka, kwani haiwezi kusimama peke yake. Kuirudisha kwahitaji intaneti, nayo ina gharama. Kwa hiyo jaribio litangulie:

apt-get -s remove libreoffice-core

Herufi s huiamuru kompyuta itaje vifurushi vitakavyoondoka, pasipo kugusa kitu. Orodha hiyo isomwe yote. Ikiridhisha, amri irudiwe bila -s, ikitanguliwa na neno sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi.

Amri ya remove huacha mafaili ya mipangilio ya mfumo. Purge huyafuta hayo pia. Autoremove huondoa vifurushi vilivyoletwa ili kusaidia vingine, lakini sasa havitegemewi na chochote. Insha alizohifadhi mwanafunzi katika folda yake hazifutwi na amri yoyote kati ya hizi tatu.

Zoezi: Chagua vifurushi viwili. Bashiri kipi kitaondoka peke yake na kipi kitaondoka na wenzake, kisha hakikisha kwa -s. Eleza sababu.