Kichwa Kikae Kazini: Funzo Kutoka kwa Wachezaji wa Tenisi



Mtauliza: tenisi inatuhusu nini sisi watu wa shimo na kiwanda? Wengi wetu tunajua mpira wa miguu tu. Lakini tenisi ina jambo moja linalofanana sana na kazi yetu. Mchezo unaweza kudumu saa nne, na mpira wenyewe hauruki muda wote huo. Sehemu kubwa ni kuokota mpira, kufuta jasho, kurudi mahali pa kuanzia. Kati ya pointi moja na nyingine sheria ya leo inampa mchezaji sekunde 25. Mikono imepumzika, na hapo ndipo kichwa kinatoroka. Anawaza kosa lililopita, anawaza watu wanaomtazama, anawaza feza.

Si ndivyo ilivyo kwetu? Dereva wa kamio akingoja kupakiwa, fundi akingoja kipande cha mashini, mchimbaji akitoka tundu moja kwenda jingine. Mwili uko posti, kichwa kiko nyumbani.

Wachezaji wakubwa wamejifunza kukirudisha kichwa, lakini si wote kwa njia moja. Kila mtu na tabia yake.

Tazameni kwanza Björn Borg, Mswidi. Yeye alikaa nyuma ya uwanja na kurudisha mpira, kurudisha mpira, mpaka mwenzake akose. Hatari ya mchezo wa namna hii ni uchovu wa kufanya jambo lile lile. Mwaka wa 1980, katika fainali ya Wimbledon kule Uingereza, alicheza na John McEnroe wa Marekani. Katika seti ya nne Borg alikuwa na nafasi saba za kumaliza mchezo, akazikosa zote. Seti ile ilikatwa kwa pointi 18 kwa 16, akashindwa. Seti ya tano akaanza kwa kupoteza pointi mbili. Kisha, kila alipoanzisha mpira yeye, akashinda pointi 19 mfululizo, na mwishoni akashinda seti 8 kwa 6. Mtu anayehesabu moyoni nafasi saba alizopoteza hawezi kupiga hivyo.

Dereva anayepita barabara ile ile usiku kucha, toka shimo hadi mashini ya kuvunja mawe, ni wa kundi la Borg. Macho yako wazi lakini hayaoni tena. Kwa watu hawa dawa nzuri ni sauti. Mwalimu mmoja wa tenisi, Timothy Gallwey, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1974 kwamba mchezaji aseme neno moja mpira unapogusa chini, na neno la pili raketi inapoupiga. Ni kama kusema « dunda », halafu « piga ». Sauti inafunga macho kwenye mpira. Madereva wa treni kule Japani nao hunyosha kidole kwenye taa na kutaja rangi yake kwa sauti. Basi nawe kwenye njia panda sema: « Kushoto hakuna mtu. Kuume hakuna mtu. » Wenzako watacheka siku ya kwanza. Waache wacheke.

McEnroe alikuwa mtu wa moto. Alikimbilia wavu, alishambulia, aligombana na waamuzi. Mwezi wa kwanza 1990, kule Australia, alikuwa mbele kwa seti mbili kwa moja alipofukuzwa mchezoni kwa matusi na utovu wa adabu. Sheria ilikuwa imebadilishwa, hatua za adhabu zimepunguzwa, naye alidhani bado amebakiwa na onyo moja. Kwetu jiwe linaloning'inia juu ya kichwa halitoi hata onyo la kwanza.

Mtu wa moto asiambiwe tu « tulia ». Apewe jambo la kufanya. Jim Loehr, mtaalamu wa Marekani, alichunguza wachezaji bora wanafanya nini kati ya pointi. Aliona wanageuka, wanatembea polepole, macho kwenye nyuzi za raketi, wanavuta pumzi, ndipo wanadundisha mpira na kuanza upya. Wewe uliyegombana na kapita, usishike mashini papo hapo. Geuka. Tazama glavu zako. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyovuta, mara tatu au nne. Kisha gusa kofia, mkanda, viatu, ndipo uanze.

Kuna na mtu wa kuwaza sana, kama Arthur Ashe. Mwaka 1975, fainali ya Wimbledon, alikutana na Jimmy Connors ambaye hakuwa amemshinda hata mara moja. Ashe aliacha mchezo wake wa nguvu, akaja na mpango wa mipira laini na ya chini. Wakati wa kubadilisha upande alikaa amefumba macho. Connors aliposhinda seti ya tatu, Ashe hakuutupa mpango wake. Alishinda 6-1, 6-1, 5-7, 6-4. Fundi wa umeme afanye vile: awaze kabla ya kufungua sanduku, atengeneze mpango wake hatua kwa hatua, kisha aufuate.

Lakini tusidanganyane. Pumzi haizuii umeme. Kufuli yako lazima iwe kwenye swichi, na ufunguo mfukoni mwako. Na asiyelala mchana kabla ya posti ya usiku, hakuna mbinu itakayomsaidia. Amwambie mkubwa wa kazi kwamba amechoka.

Wengine husema baba akiumia kazini baada ya ugomvi wa nyumbani, kosa ni la bibi yake. Mimi sikubali. Ugomvi una watu wawili, na karo ya shule haingoji. Ila mnaweza kupatana hivi: habari nzito zingoje arudi, aoge, ale. Watoto nao wacheze mbali na dirisha la chumba anamolala.