Mkoba wa baiskeli: Pima nafasi chini ya kiti kabla ya kununua

Wako wakazi wa mijini siku hizi ambao mwishoni mwa juma hufunga blanketi na sufuria kwenye baiskeli, wakashika njia ya Naivasha au Magadi, wakalala huko usiku mmoja au miwili na kurudi. Ni mazoezi mazuri kwa moyo na mapafu, na sina neno nayo. Lakini Jumatatu baadhi yao huja kliniki na malalamiko ambayo zamani tuliyasikia zaidi kutoka kwa mahamali: kiuno kinauma, shingo haigeuki, vidole vimekufa ganzi. Wengi hulaumu umri au baiskeli yenyewe. Mara nyingi chanzo ni mzigo na mahali ulipofungwa.

Tuanze na shanta la mgongoni, kwa kuwa ndilo ambalo kila mtu analo nyumbani. Mtu anapotembea wima, uzito wa shanta hushuka kupitia uti wa mgongo hadi nyongani na miguuni. Juu ya baiskeli kiwiliwili kimeinama, na misuli ya kiuno na ya shingo ndiyo inayolazimika kuushikilia mzigo huo saa baada ya saa. Uzito unaobaki huishia kwenye mifupa miwili ya makalio na kwenye viganja. Ubavuni mwa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, hupita neva ambayo ikikandamizwa sana huleta ganzi katika kidole hicho na kile cha pete. Isitoshe, mgongo uliofunikwa hautoi jasho likakauka. Anayeteremka kutoka upande wa Ngong hadi Ziwa Magadi, lililo kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, huingia katika joto linalozidi kila kilomita, na mwili unaoshindwa kujipoza humaliza maji upesi.

Hivyo basi mzigo ubebwe na baiskeli. Mikoba ya nyuma ya kiti ni ya namna mbili. Ya kizamani huning'inia kwa upana nyuma ya kiti. Waingereza wameishona kwa turubai ya pamba kwa miaka mingi, na kampuni ya Carradice ya mji wa Nelson imo katika kazi hiyo tangu 1932. Nyuzi za pamba hiyo zikilowa hufura na kuziba matundu, maji yasipenye kwa urahisi. Namna ya pili, ambayo ndiyo inayopendwa sasa, ni mkoba mrefu uliochongoka mbele, unaofungwa kwa mikanda kwenye vyuma viwili vya chini ya kiti na kwenye nguzo ya kiti. Hauhitaji keria. Mdogo huchukua lita 5 hivi, mkubwa hufikia lita 16 au 17.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwani huchagua kwa kuangalia lita. Mimi ningekushauri uanze na futi kamba ya fundi cherehani. Kwanza hakikisha kiti chako kiko kwenye kimo kinachokufaa: keti, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, na mguu unyooke bila nyonga kuinama upande mmoja. Ukihamishia pale sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kisha, ungali umeketi, mwenzako apime kutoka vyuma vya chini ya kiti hadi juu ya tairi la nyuma. Ikiwa baiskeli ina springi nyuma, pima zikiwa zimebonyea. Nafasi ikiwa chini ya sentimita 20, usinunue mkoba mkubwa hata ukipunguziwa bei. Na mkoba wowote utakaouchagua, ujaze kwanza, uketi, na uone kama vidole vinne vinapita kati yake na tairi.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ya hila moja wanayofanya watu wafupi. Wakiona mkoba unagusa tairi, wanapandisha kiti. Nilimhudumia mama mmoja, mwalimu, aliyekuja akiwa na maumivu nyuma ya magoti yote mawili na ganzi sehemu za siri baada ya siku mbili za safari. Alikuwa ameogopa sana, akidhani ni ugonjwa wa neva. Kumbe kiti kilikuwa kimepandishwa upana wa vidole viwili. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba kushoto na kulia zikiifuata pedali, misuli ya nyuma ya goti huvutika, na neva inayopita katikati ya mapaja husagwa juu ya kiti. Alikirudisha kiti chini, akaacha kuendesha kwa majuma matatu, na ganzi ikaisha. Mkoba wenyewe alimpa nduguye mrefu.

Mtu wa kimo chake, hasa mwenye baiskeli ya magurudumu makubwa ya inchi 29, atafaidika zaidi na keria ya kawaida yenye mifuko miwili ya ubavuni. Wako wanaoiona keria kuwa ya kishamba. Wauza maziwa wamebeba mitungi kwa Black Mamba zenye keria miaka nenda miaka rudi, na mzigo unaokaa chini karibu na ekseli hauyumbishi baiskeli kama ule unaoning'inia juu.

Kuyumba ndilo jaribio la pili dukani. Funga mkoba uliojaa, ushike mwisho wake na uutikise. Ukicheza kama mkia wa mbwa, na barabarani utacheza vivyo hivyo, nawe utaukaza usukani mchana kutwa ili kuizuia baiskeli. Mabega na vifundo vya mikono vitakueleza jioni. Tafuta mkoba wenye mikanda miwili kwenye nguzo ya kiti na mingine ya kuukaza ubavuni unapopungua vitu. Vitu vizito vikae ndani kabisa, karibu na nguzo, nguo nyepesi nyuma. Kilo 3 au 4 zinatosha. Baada ya nusu saa ya kwanza simama ukaze mikanda upya.

Aidha, angalia upana wa mbele. Mkoba unaogusa nyuma ya mapaja huchubua ngozi, na ngozi iliyochubuka ikikaa katika jasho hugeuka majipu. Kuhusu mvua, mfuko wa plastiki mzito ndani ya mkoba hufanya kazi nzuri kwa bei ndogo.

Ganzi ya vidole au ya sehemu za siri ambayo haijaisha siku mbili baada ya kupumzika, nenda ukamwone daktari.

Limebaki suala la dawa. Mwenye pumu asiweke dawa yake ya kuvuta kwenye mkoba wa nyuma. Iwe mfukoni mwake. Insulini nayo haifai kukaa katika mkoba mweusi unaopigwa na jua, kwa sababu joto likizidi nyuzi 30 huharibika. Itie katika chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyosuuzwa kwa maji baridi na kukaushwa. Isiguse barafu, kwani insulini iliyoganda ni ya kutupwa. Glukosi au peremende zikae mfukoni mwa shati, kwa kuwa mtu ambaye sukari imemshuka mwilini, huku mikono ikitetemeka, hana utulivu wa kufungua mikanda mitatu.